Foromaji ya Masisi, jina la Goma

Leo nataka kukosoa karatasi. Si kitabu wala filimu, ni karatasi tu ya kurasa nane yenye picha za ng'ombe wanene, ile tuligawia wafugaji na watengenezaji wa foromaji juu huko kwenye milima ya Masisi, kwenye mafunzo ya siku tatu. Shirika lililoichapisha sitalitaja. Na mimi mwenyewe nilikuwa kati ya wale waliolipwa kuisoma mbele ya watu, basi sehemu ya lawama ni yangu.

Ukurasa wa kwanza unaanza hivi: "Jibini ni chakula chenye protini nyingi." Nikasoma kwa sauti kubwa, kama mwalimu. Kimya. Mama mmoja wa msitari wa mbele akamuinamia jirani yake: "Jibini njo nini? Ni jini?" Wakacheka bote, hata yule aliyekuwa anasinzia nyuma akaamka. Muzee mmoja, mwenye kutengeneza foromaji tangu mimi sijazaliwa, akanitazama kwa huruma: "Agronome, unataka kusema foromaji?" Nikasema ndiyo, muzee. "Sasa juu ya nini hausemi foromaji?"

Sikuwa na jibu. Usiku nikapeleka hiyo habari kwenye grupu yetu, nikifikiri watacheka tu. Mnakumbuka moto uliowaka. Upande mmoja mlisema Kiswahili sanifu ni jibini, watu wafundishwe, kwisha. Upande mwingine mlisema tuachane na mambo ya Pwani, fromage ni neno la kimataifa. Hao wa pili walileta ushahidi: ukurasa wa mwisho wa karatasi ileile, kwenye kisanduku cha "Je, unajua?", kumeandikwa kwamba neno fromage ni moja katika lugha zote za Ulaya kwa sababu ni neno la sayansi.

Hiyo sentensi njo ilininyima usingizi, kuliko hata jibini. Ndani yake kuna makosa mawili, na la pili linatuumiza.

Kosa la kwanza ni la hesabu tu. Mfaransa anasema fromage, Muitalia formaggio, Mkatalani wa Barcelona formatge. Hao ni ndugu wa tumbo moja, sawa. Lakini Mwingereza anasema cheese, Mjerumani Käse, Mholanzi kaas, Muhispania queso, Mureno queijo. Hao nao ni ndugu, lakini wa nyumba ingine. Msweden, Mdenmark na Mnorwe wanasema ost. Mrusi anasema syr, Mgriki tiri, Mromania brânză. Neno moja liko wapi? Hata Ubelgiji, ile iliyotutawala, haikukubaliana na yenyewe: kule kwa Wawaloni ni fromage, ukivuka mupaka wa lugha kuingia kwa Waflamand ni kaas. Kama wakubwa wa koloni wangetuletea Kiflamand mashuleni, leo Masisi tungekuwa tunauza "kaasi", na karatasi yetu ingesema kaas ni neno la sayansi.

Kosa la pili ni lile la kudhani kwamba neno lilitoka kwa wenye elimu. Hapa nitakaa kidogo.

Warumi walisema caseus. Kutoka hapo zilitoka cheese, Käse, kaas, queso, queijo, na hata ile caséine ambayo sisi wote tuliikariri kwenye kozi ya biokemia bila kujua kwamba tunasema foromaji kwa Kilatini. Lakini pembeni ya caseus watu wa kawaida walianza kusema caseus formatus, maana yake caseus iliyopewa umbo, ile iliyotiwa kwenye forma. Na forma kwa Kilatini ni, pamoja na mambo mengine, kile chombo cha kutoa umbo, chenye sisi tunaita "moule", na vitabu vya Kiswahili vinaita kalibu. Kisha wakafanya kile watu wanafanya siku zote: wakaacha nusu ya kwanza, wakabakiza ya pili. Sisi tulifanya vile na téléphone portable. Telefone ikaanguka, ikabaki portable. Caseus ikaanguka, ikabaki formaticum, kitu cha kalibu. Wafaransa wa zamani wakasema formage. Halafu midomo ikazungusha herufi, formage ikawa fromage. Kwa hiyo hilo neno lenye mnasema ni la kimataifa na la sayansi ni kwanza kifupisho cha sokoni, tena chenye herufi zilizogeuka. Kosa la mdomo wa wakulima njo leo linaandikwa kwenye vitabu vya fakilte.

(Na angalieni: mama wa Masisi anaposema foromaji, anarudisha vokali kati ya f na r. Bila kujua amesogea karibu na Kilatini kuliko Mfaransa.)

Kuna mtu ningependa tumfahamu zaidi kwenye jumuiya yetu. Anaitwa Columella. Ni mwenzetu, agronome, wa karne ya kwanza, mzaliwa wa Gades, muji ambao leo ni Cádiz kule Hispania. Aliandika vitabu 12 juu ya kilimo kwa Kilatini, na katika cha 7 anaeleza namna ya kutengeneza foromaji. Maziwa yawe mapya. Unagandisha kwa dawa itokayo tumboni mwa mwana-kondoo ao mwana-mbuzi, ao kwa maua ya mbigili wa porini, ao kwa utomvu wa mti wa tini. Chombo kikae karibu na moto lakini kisiguswe na ndimi za moto. Maziwa yakishaganda, upesi uyahamishe kwenye vikapu ao kalibu, maji yatoke. Watu wa mashambani, anasema, hawangoji maji yatoke yenyewe; wanaweka uzito juu. Kisha chumvi, kisha mbao safi mahali pa baridi na kivuli.

Sasa nendeni kwa yule muzee aliyeniuliza swali. Jikoni kwake kuna pipa la aliminiumu juu ya moto mdogo, na anaweka kiwiko ndani ya maziwa kupima joto, termometre hana. Dawa ya kugandisha ananunua Goma kwa kichupa kidogo. Akisha kukata maziwa yaliyoganda, anayatia kwenye vipande vya tiyo kubwa ya plastiki alivyotoboa kwa musumari wa moto, anafunika kwa ubao wa muviringo, na juu anaweka jiwe la volkano. Maji yanatiririka mpaka kwa nguruwe. Kesho yake ni maji ya chumvi, halafu mbao, kivuli, kugeuza kila siku. Litre kumi hivi za maziwa kwa kilo moja. Kama Columella angeingia pale, kitu cha kumshangaza kingekuwa tiyo ya plastiki tu.

Na ile tiyo yenye matundu njo fromage yenyewe, kwa maana ya asili ya neno. Muzee hana haja ya kufundishwa hilo neno linatoka wapi, analishika kila asubuhi. Sisi wenye lisansi njo tunalitamka bila kulishika. Karatasi ilipomwambia kwamba neno ni la sayansi ya watu wengine, ilimpokonya kitu kilichokuwa mkononi mwake.

Wenzangu wa upande wa jibini nao wasifurahi haraka. Jibini si neno la mababu wa Kibantu. Ni jubn ya Waarabu, ilifika Pwani na biashara ya bahari, sawa na vile foromaji ilifika kwetu na Wabelgiji, wakoloni wenye mashamba na mapadri. Watu wa Mombasa na Zanzibar walikopa mlango wa mashariki, sisi tulikopa mlango wa magharibi. Mkopo ni mkopo. Siwezi kumwambia mama wa Masisi atupe mkopo wake achukue wa jirani, eti wa jirani ni msafi zaidi. Kwenye mtihani wa serikali ya Tanzania ningeandika jibini bila ubishi. Mbele ya watu wanaosema foromaji tangu utoto wao, kuandika jibini ni kujionyesha.

Lakini swali la kwa nini tulikopa linabaki, na hapa historia ya Wajerumani inatusaidia. Caesar aliandika kwamba Wajerumani wa wakati wake walikula hasa maziwa, foromaji na nyama. Plinius, zaidi ya miaka mia nyuma yake, akashangaa kwamba kuna mataifa ya washenzi (neno lake) wanaoishi kwa maziwa lakini foromaji hawaijui ao wanaidharau, ingawa wanajua kugandisha maziwa mpaka yawe na uchachu mzuri, na kutoa siagi. Wawili hao hawapatani, unaona. Mimi nafikiri wote walikuwa na haki kiasi: Wajerumani walikuwa na maziwa yao ya kuganda na labda foromaji laini ya kula leo, lakini ile ngumu, iliyokandamizwa, ya kukaa miezi na kubebwa na askari safari ndefu, ilikuwa kitu cha Warumi. Kitu kipya kikaja na jina lake, caseus ikawa Käse. Wale wa kaskazini, ambao Roma haikuwafikia kwa nguvu, walibaki na ost yao mpaka leo.

Ni picha yetu kabisa. Masisi haikukosa maziwa wala akili ya maziwa. Mashanza tulikuwa nayo. Mafuta ya ng'ombe tulikuwa nayo, na vyombo vyake, na miiko yake, na mama mwenye kusukasuka kibuyu asubuhi. Kitu ambacho hatukuwa nacho ni kukandamiza na kuhifadhi. Kikaja na jina lake. Hakuna aibu hapo, isipokuwa kwa mtu mwenye anaona aibu kwa Mjerumani pia.

Kuna maneno watu wanashirikiana kwa kuzaliwa, kama sisi Wabantu na nyama: Mswahili nyama, Mnyarwanda inyama, hakuna aliyemkopa mwenzake. Na kuna maneno watu wanashirikiana kwa soko. Foromaji ni ya soko. Na kwa neno la soko usiishie kwenye swali la lilitoka lugha gani. Uliza pia nani alikuwa anauza, nani alikuwa ananunua, na jina la nani lilibaki juu ya mzigo.

Muulize mtu wa Kinshasa anakula foromaji gani. Atakwambia "fromage de Goma". Goma! Muji wa mawe meusi, wenye kuezeka mabati juu ya lava. Ng'ombe wa Goma ni wepi? Malisho yako Mushaki, Matanda, Ngungu, Kitchanga. Goma ni mahali pa kupakia. Lakini ni jina lake lenye liko juu ya kila kipande.

Nilikasirikia Goma miaka mingi juu ya hii habari, mpaka nikasoma juu ya Gouda, ile ya Waholanzi, ambayo foromaji yetu inafanana nayo kuliko ingine yoyote. Gouda ni muji, na foromaji ya Gouda haikupewa hilo jina kwa kutengenezwa muji huo. Ilitengenezwa vijijini pembeni, ikaletwa kwenye soko la Gouda, ikapimwa na kuuzwa pale. Jina la mizani likameza jina la malisho. Vilevile kabisa! Tena adhabu ikawarudia: jina la muji likasambaa hata likawa jina la aina tu, na leo mtu yeyote wa dunia anaweza kukandamiza maziwa na kuandika gouda. Waholanzi walipoamka, mwaka 2010, Umoja wa Ulaya uliwalindia "Gouda Holland" peke yake. Gouda kavu ilikuwa imeshatoroka. Wafaransa wa Roquefort walikuwa wajanja zaidi, wao jina lao lililindwa na sheria tangu 1925: kama haikuivia kwenye mapango ya kijiji kile, haiitwi Roquefort, hata kama ladha ni ileile.

Karatasi yetu ya kurasa nane haina hata msitari mmoja juu ya jina la kuuzia. Inafundisha kunawa mikono (vizuri), inafundisha chumvi (vizuri), halafu inamwacha mtengenezaji kwenye mlango wa soko na neno jibini mkononi.

Nilitaja Gades, muji wa Columella. Nirudi pale kidogo, maana kutoka pale kuna njia inayoshuka mpaka Walikale, na mimi hiyo njia nimeipita. Si rahisi: Sake, Masisi, Nyabiondo, halafu barabara inakuwa hadithi. Unaacha malisho nyuma, msitu unakufunga. Nilikaa Walikale miezi saba kwa mradi wa mbegu za mpunga. Foromaji pale niliiona mara moja tu, mchuuzi aliikata vipande vidogo kama sabuni, na bei yake sitaki kuikumbuka. Neno la Walikale ni lingine. Ni kasiterite.

Hili, bandugu, njo neno lenye Ulaya kweli inashirikiana. Mfaransa cassitérite, Mwingereza na Muitalia cassiterite, Muhispania casiterita, Mjerumani Kassiterit, Mholanzi cassiteriet. Karatasi yetu ingetaka mfano wa neno la sayansi, lingekuwa hili. Mfaransa Beudant alilipatia jiwe hilo mwaka 1832. Lakini hakulitunga, alilichukua kwa Wagriki, ambao tangu wakati wa Homer waliita ile metali kassiteros. Na Wagriki walilitoa wapi? Wenye kuchunguza lugha wamelitafuta mashariki na magharibi, na mpaka leo hawajakubaliana. Ni neno la kukopa kwao pia. Waarabu wanasema qasdir. Kila mtu analo, na asili yake haijulikani.

Ila ya foromaji inajulikana mpaka kwenye kikapu. Kwa nini? Jibu langu ni hili, na mnaweza kulipinga: foromaji kila mtu aliiona ikitengenezwa, ile metali karibu hakuna aliyeiona ikichimbwa. Ilifika tu. Herodotus, muzee wa historia, aliandika wazi kwamba visiwa vinavyoitwa Cassiterides, kule inakotoka hiyo metali yao, yeye havijui. Mtu aliyejua habari za Misri na Babeli! Na Strabo anaeleza kwa nini ilikuwa vile. Wafoinike walishika hiyo biashara peke yao kutokea Gades, na njia ya bahari waliificha kwa kila mtu. Siku moja Warumi wakaifuata merikebu yao ili wajue masoko yako wapi. Kapiteni kuona vile, akaipeleka merikebu yake makusudi kwenye maji mafupi, ikavunjika, na ya Warumi nyuma yake ikavunjika. Yeye akaokoka juu ya kipande cha ubao. Na serikali ya kwao ikamlipa bei ya mzigo wote aliopoteza.

Alilipwa kwa kufanya watu wasijue mzigo unatoka wapi. Niliposoma hiyo nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Maana Walikale tunajua hiyo hadithi bila Strabo. Bisie, tangu 2002 watu walipoanza kuchimba pale, mifuko ilibebwa kwa migongo kupita msituni mpaka Njingala, ndege ndogo zikatua juu ya barabara Kilambo, zikaenda Goma, na kutoka Goma jina la Bisie likapotea. Mbele ya watu wa Asia na Ulaya waliokuwa wanayeyusha, ilikuwa "madini ya Afrika ya Kati" tu. Mwaka 2010 mambo mawili yakatokea: Marekani wakapitisha sheria ya Dodd-Frank, yenye kifungu cha 1502 kinachowataka makampuni yaseme kama madini yao yanatoka Kongo na majirani zake, na mwezi wa 9 serikali yetu ikafunga uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema mpaka mwezi wa 3 wa 2011. Halafu zikaja etiketi, zile plastiki zenye namba za kufunga mfuko. Mimi si mtu wa mines, siwezi kuhukumu kila kitu. Lakini niliona ya kwamba miaka karibu 2500 nyuma ya Herodotus, dunia ilikuwa bado inauliza swali lake lilelile, na vijana wenye jibu walikuwa wanakunywa chai pembeni yangu. Hakuna aliyewauliza kwa lugha yao. Waliulizwa namba ya etiketi.

Wachimbaji wa Ujerumani wa zamani, mbele ya Beudant, walikuwa na neno lao kwa jiwe lilelile: Zinnstein, jiwe la bati. Neno la watu wenye kushika nyundo. Lipo bado. Sisi tunachimba Bisie, na leo kuna kampuni kubwa pale yenye kutoa bati ya kuhesabika duniani tangu 2019, lakini tunalo neno la wanunuzi tu.

Nasikia mwenzangu mmoja ananijibu: na koltani je? Kweli. Koltani ni neno letu, ao karibu. Kwenye kitabu cha jiolojia hautakuta jiwe lenye jina la koltani. Ni kifupisho cha columbite na tantalite, kilichozaliwa kwenye biashara ya huku kwetu, na leo Wafaransa, Wajerumani, Wahispania, wote wanalisema. Rubaya imelipeleka mbali kuliko sisi wote na diploma zetu. Lakini lipasueni muone kilicho ndani. Columbite inatoka kwa Columbia, jina la kupamba la Amerika, kwa sababu jiwe ambalo Hatchett alilichunguza London mwaka 1801 lilitoka kule. Tantalite inatoka kwa Tantalus wa hadithi za Wagriki, aliyesimama ndani ya maji mpaka kidevuni na kila akiinama kunywa maji yanashuka. Ekeberg wa Sweden alichagua jina hilo 1802 kwa kuwa metali hiyo hata ukiizamisha ndani ya asidi, haiinywi. Amerika na mtu mwenye kiu. Hakuna Rubaya ndani. Ni kifupisho chetu cha majina ya wengine, na jina lenyewe ni la kuuzia.

Sasa nisieleweke vibaya, kama vile kwenye grupu. Sisemi tutunge neno jipya la Kihunde ao la Kinyarwanda kwa foromaji na kulilazimisha. Hao Wafaransa hawakutunga, walifupisha kile walichokuwa wanafanya. Sisemi pia kwamba neno linajaza tumbo. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na foromaji iliyokuwa inapanda ndege pale kuenda Kinshasa haikuweza kupita njia ile; wafugaji wamepoteza ng'ombe zaidi ya mara moja katika hii miaka, na hakuna etimolojia yenye kurudisha ng'ombe. Ninachosema ni cha karatasi. Ichapishwe tena. Jibini itoke, foromaji iingie. Kile kisanduku cha "Je, unajua?" kiseme ukweli: kwamba hili neno maana yake ni kitu cha kalibu, na kalibu mnayo. Na iongezwe ukurasa mmoja juu ya jina la mahali, kwa nini Roquefort inauzwa bei ile na gouda ya kila mtu inauzwa bei ya kila mtu.

Nilirudi kwa muzee mwezi uliopita, nikamweleza haya yote, Warumi, kikapu, forma. Alisikiliza huku anageuza foromaji zake kwenye mbao. Kwa Warumi hakusema kitu. Alipofika kwenye ya tatu ao ya ine alinipatia mkononi, akanionyesha chini yake. Kulikuwa na alama imeingia ndani ya ganda: herufi M. Alikuwa ameichonga kwenye ule ubao wa muviringo wa kukandamizia, kinyume, ili itoke sawa.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwaka jana. Mununuzi wa Goma aliiona, akauliza M ni nini.

"Nikamwambia ni maziwa," muzee akasema. "Kama ningesema Masisi angeikwangua."